Zamu ya Saa Nane

Zamu yangu ya maji ni saa nane usiku,
Jumanne na Ijumaa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu
kwenye daftari la mwenyekiti wa mfereji.
Nakuja na jembe, na tochi, na kanga moja.
Blanketi nimeliacha nyumbani.

Blanketi lile la mama, la kijivu, lenye mstari mwekundu,
ndilo tulilogombania pembe zake juu ya dungu
msimu wa kuamia ndege, hapa hapa Bahi,
mimi na Mbijili na Sechelela.
Mwezi wa nne ukielekea kuisha
meno yetu yaligongana kama kokoto kibuyuni
na mama alisema: tulieni, mpunga umelala.
Tulidhani anatafuta tu namna ya kutunyamazisha.

Sasa blanketi linaliwa na nondo,
na wanangu wanalala uani,
wakigeuka kutafuta upande wa mkeka
ambao joto halijaufikia.

Mwaka juzi niliwashuku kweleakwelea.
Mwaka jana nikamshuku Chilewa, muuza mbolea,
nikamtolea maneno mbele ya wateja wake,
maneno ambayo mpaka leo yananikaba.
Masuke yangu yalikuwa yamesimama wima.
Suke lenye punje huinama, hilo hata mtoto anajua.
Nikapepeta. Upepo wa Bahi, usiodai ujira,
ukabeba nusu ya shamba ukaenda nayo kwa majirani.
Mapepe. Ganda na ganda, katikati hakuna mtu.
Kilichobaki nikakipeleka mashineni,
na Nhonya mkoboaji akanifungulia kiganja:
"Tazama, dada. Tumbo la punje ni chaki.
Ikiguswa tu inavunjika. Hizi utauza chenga."

Lakini maji nilipata! Mvua haikunipunja.
Palizi nilipalilia mpaka kucha zikaning'oka.
Nilikuwa nikilikagua shamba kila mchana,
na mchana sikuona kosa.

Bibi shamba ndiye aliyeniambia, binti mdogo,
buti zimejaa tope, hana haraka:
mchana mpunga huchuma, usiku hupumua,
na kupumua kuna gharama yake.
Usiku wa baridi hula kidogo, akiba ikaenda kwenye punje.
Usiku wa joto hukesha, hufungua ghala,
hula kile kilichowekewa suke.
Alfajiri unakuta kijani kimenawiri,
kijani na deni.

Nilimwelewa upesi. Nimelea.
Namjua mtoto wa homa za usiku:
asubuhi anacheka, uji anamaliza,
na kila wiki nguo zinazidi kumpwaya.

Kwa hiyo nimeiomba zamu hii asiyeitaka mtu.
Maji ya usiku yakipita, alisema, huenda yakaupoza.
Huenda.
Neno hilo nimelibeba pamoja na jembe.

Treni ya mizigo inapiga honi upande wa Kigwe.
Nazibua tope kwa mikono,
maji yanaingia jaruba la kwanza
kwa sauti ya mtu anayekunywa amesimama.
Natia mkono hadi kiwiko.
Vuguvugu. Maji ya kumwogeshea kichanga.

"Yana baridi?" anauliza Mdachi kutoka tuta la pili,
mtu mzima na magoti yake,
naye kaacha kitanda kwa ajili ya huenda.

"Kidogo," namjibu.

Hasemi kitu. Nasikia na yeye anachovya mkono,
anautoa, anaukung'uta, hasemi kitu.

Wiki hii mpunga utachanua.
Nimesimama katikati yake, jasho linanitambaa shingoni,
na majani yananigusa mapaja, yana uvuguvugu,
kama watoto wanaojifanya wamesinzia.
Nazima tochi
nisije nikauzidishia kukesha.